Marseille kwa siku moja: panapostahili hela yako na pa kupita tu

Watu wengi wa Dar wakipata likizo ya Ufaransa hawatoki Paris. Mwenye siku ya ziada na hamu ya bahari aende Marseille, mji wa bandari kusini mwa nchi hiyo, lakini kwa sharti moja: siku hiyo isipangiwe zaidi ya bandari ya kale, mtaa wa Le Panier na mlima mmoja. Ukiongeza visiwa, fukwe na kila jumba la makumbusho, siku itaishia kwenye foleni.

TGV, yaani treni ya kasi, kutoka kituo cha Gare de Lyon jijini Paris huchukua saa tatu na kitu, na tiketi ikinunuliwa mapema huwa nafuu zaidi. Usiende na kurudi siku hiyohiyo, lala huko. Ukishuka Saint-Charles, kituo cha treni cha Marseille, kuna ngazi 104 za kuteremka mjini, nzuri kwa asiye na mzigo. Mwenye sanduku apande metro ya laini 1, vituo viwili tu, ashuke Vieux-Port, yaani bandari ya kale. Humo ndani simu na pochi viwe mbele ya mwili, maana vibaka wapo.

Saa 2 asubuhi uwe kwenye kichwa cha bandari, Quai de la Fraternité, wavuvi wanapouza. Aliyezoea Feri, soko la samaki la Dar, atashangaa udogo wake: meza chache, hakuna mnada, hakuna kelele. Uzuri wake upo karibu. Samaki wengine bado wanapumua kwenye beseni za maji ya bahari, na utamwona rascasse, mwekundu, kichwa kikubwa, miiba mgongoni, ambaye ndiye roho ya bouillabaisse, mchuzi maarufu wa mji huu. Mchana meza zinafungwa, kwa hiyo usipaache mpaka baada ya chakula.

Kutoka hapo fuata ukingo wa kaskazini. Utaona majengo ya ghorofa yanayofanana, mapya kuliko unavyotarajia katika mji ulioanzishwa na Wagiriki yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Sababu ni kwamba mwaka 1943 Wajerumani waliwahamisha wakazi kwa nguvu na kuulipua mtaa mzima wa chini. Jengo la manispaa liliachwa. Mtaa wa kale uliobaki uko juu yake, ndio Le Panier: vichochoro, ngazi, nguo zimeanikwa madirishani. Maduka ya zawadi ya huko yapite tu. Nenda moja kwa moja Vieille Charité, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1671 kwa ajili ya kuwafungia maskini na ombaomba, na leo ni makumbusho. Kuingia uani ni bure. Simama katikati, tazama matao ya ghorofa tatu yakizunguka kanisa lenye kuba la umbo la yai, la mchongaji Pierre Puget. Kwa maoni yetu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote mjini, na wageni wengi hawapafiki. Epuka Jumatatu.

MuCEM, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2013 mdomoni mwa bandari, hufungwa Jumanne. Kama huna muda wa maonyesho usilipe: paa lake, daraja jembamba la watembea kwa miguu lenye urefu unaozidi mita 100, na bustani za ngome ya Saint-Jean ni bure, na mandhari ya bahari ni yaleyale.

Sasa chakula. Bouillabaisse halisi ina masharti: mwaka 1980 wenye migahawa kadhaa waliandika mkataba unaotaka angalau aina nne za samaki wa bahari ile. Mchuzi wenye zafarani huja kwanza, pamoja na mkate uliokaushwa, kitunguu saumu na rouille, yaani sosi ya pilipili na mafuta ya zeituni. Samaki huletwa mzima na kukatwa mbele yako. Bei mara nyingi hupita yuro 60 kwa mtu, na sehemu nyingi hutaka uagize siku moja kabla, kwa sababu samaki hununuliwa kulingana na oda. Ubao wa bandarini ukisema yuro 20, hiyo ni supu ya samaki tu. Kula ukipenda, lakini usidhani umeonja bouillabaisse yenyewe. Muislamu aulize kabla ya kuagiza, kwani wapishi wengine hutia mvinyo mweupe au pastis, pombe ya anisi.

Asiyetaka kutoa hela hiyo hakosi. Panisse ni unga wa dengu uliosongwa kama ugali, ukapozwa mpaka ukagandamana, ukakatwa vipande na kukaangwa. Ule ukiwa wa moto, ukipoa unakuwa mgumu. Au panda hadi Noailles, soko lililo hatua chache kutoka barabara ya Canebière, penye viungo na vyakula vya Afrika. Marseille ina jamii kubwa sana ya Wangazija, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, kwa hiyo usiogope kusalimia.

Saa 10 alasiri panda basi namba 60 kutoka bandarini hadi Notre-Dame de la Garde, kanisa lililo juu ya kilima cha mita 150 hivi. Kwa miguu inawezekana, ila mwinuko wa mwisho ni mkali na jua la Julai halina huruma. Kuingia ni bure, vaa nguo za heshima. Ndani tazama juu: vimening'inizwa vijimeli vidogo, shukrani za mabaharia waliorudi salama.

Safari ya boti kwenda If, ngome iliyo kisiwani, iache iwe ya hiari. Upepo wa mistral hushuka kutoka kaskazini na kusafisha anga hadi iwe buluu tupu, hivyo asubuhi utadhani siku ni njema, kumbe boti haziwezi kutia nanga If. Kabla ya kulipa uliza dirishani kama leo wanashusha watu If au wanakwenda visiwa vya Frioul tu. Jioni tosheka na basi namba 83 linalofuata ufuko. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, jambo linalompoteza sana mtu wa Dar. Wanaoswali wajipange mapema, maana Magharibi na Isha huchelewa.

Zawadi ya kununua ni sabuni. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walinunua ufuta na mbata kutoka Zanzibar, na mafuta ya namna hiyo yaliingia kwenye viwanda vya sabuni. Jina "savon de Marseille" halilindwi, kila mtu huliandika. Chagua mche wenye mhuri wa 72%, rangi ya kijani au nyeupe hafifu, usio na manukato. Soma viungo: ukiona neno "parfum", rudisha. Miche ya gramu 300 inatosha. Ile ya 600 ikizidi miwili mitatu itakula kilo za begi.