Tathmini ya huduma ya kukodisha pikipiki za majini: vyombo vizuri, maelekezo yenye pengo la hatari

Kampuni iliyonikodisha pikipiki ya majini, ambayo sitaitaja kwa jina, ina vyombo vinavyotunzwa vizuri na wahudumu wenye adabu, lakini maelekezo yake ya dakika tano hayakugusa jambo ambalo kila anayepanda chombo hicho kwa mara ya kwanza lazima alijue kabla ya kuondoka ufukweni: ukiachia mafuta, usukani haufanyi kazi.

Sababu yake iko katika namna chombo chenyewe kinavyosukumwa. Pampu iliyo tumboni mwake huvuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa nguvu nyuma, kupitia mdomo unaogeuka kushoto au kulia kwa kufuata usukani, na maji hayo yanayokisukuma chombo ndiyo hayo hayo yanayokigeuza. Dereva anayeona kizuizi mbele yake hufanya kile ambacho mwili wake umezoea barabarani, yaani huachia ekseleta na kukata kona. Papo hapo msukumo hukoma, na chombo huendelea kuteleza moja kwa moja kuelekea kile kile alichotaka kukikwepa.

Ndivyo ilivyonitokea mbele ya mashua iliyotia nanga. Niliukata usukani hadi mwisho, chombo hakikugeuka, na nilichosalimika nacho ni umbali tu, kwa kuwa kasi iliisha kabla sijaifikia mashua ile. Chombo nilichopewa hakikuwa na breki, ingawa miundo yenye breki imekuwapo tangu chapa ya Sea-Doo ilipoanzisha mfumo wake wa breki uitwao iBR mwaka 2009. Siilaumu kampuni kwa kutokuwa na miundo hiyo. Ninailaumu kwa kutomwambia mteja maana ya kutokuwa nayo.

Katika suala la kamba ya usalama, ile inayomuunganisha dereva na swichi ya kuzima injini, walifanya kazi nzuri, na ninawapongeza kwa dhati. Mhudumu aliifunga kwenye mkono wangu yeye mwenyewe, kisha akanitaka niichomoe ili nione injini ikizimika. Kamba hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba dereva akianguka, chombo hakiendelei kuzunguka bila mtu na kumrudia yeye mwenyewe akiwa majini. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya shirikisho inamtaka nahodha wa mashua ya injini isiyofika futi 26, iliyofungwa swichi hiyo ya kuzima injini, aitumie anapokwenda kasi, isipokuwa katika hali chache zilizoainishwa.

Jaketi okozi zilikuwa za ukubwa mbalimbali na zilibana mwilini inavyotakiwa. Hata hivyo, hakuna aliyetupa suruali nzito za kuogelea, ilhali kibandiko cha onyo kilicho kwenye vyombo vya aina hii hueleza kwamba nguo za kawaida za kuogelea hazitoshi, kwa sababu maji yenye nguvu yanaweza kuingia mwilini kupitia sehemu za chini na kusababisha majeraha makubwa ya ndani. Anayekaa nyuma ndiye aliye hatarini zaidi, kwani akianguka huangukia karibu kabisa na mdomo wa pampu. Nilimpakia ndugu yangu bila kulijua hilo, na jambo hilo linaniuma hadi sasa.

Nilipouliza kuhusu mipaka ya eneo na umbali wa kukaa mbali na waogeleaji, nilijibiwa kwamba chombo hiki ni cha kujifurahisha tu, hivyo nitumie busara. Jibu hilo silikubali. Chombo kinachoweza kupita kilomita 100 kwa saa si mwanasesere, na sheria za nchi kadhaa zimelazimika kusema hivyo waziwazi. Nchini Uingereza, mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu ya mwendesha pikipiki ya majini aliyemjeruhi mwenzake, ikieleza kwamba chombo chake hakikuwa meli inayotumika katika usafiri wa baharini. Pengo hilo la kisheria lilizibwa tarehe 31 Machi 2023, na sasa mwendeshaji mzembe anaweza kufungwa hadi miaka miwili. New Zealand nayo ina kanuni ambayo mteja yeyote angeweza kuikariri kwa dakika moja: usizidi noti 5, yaani takribani kilomita 9 kwa saa, ukiwa ndani ya mita 50 kutoka kwa muogeleaji au chombo kingine, au ndani ya mita 200 kutoka ufukweni.

Nimewaandikia wasimamizi nikiwaomba kila safari ianze na zoezi moja karibu na boya lililo peke yake: mteja aende mwendo wa wastani, akate usukani huku ameachia ekseleta, aone jinsi chombo kinavyokataa kugeuka, kisha arudie huku akibakiza mafuta kidogo. Mwenye uzoefu atafurahia vyombo vyao. Asiyewahi kuendesha, simshauri akodi hapo hadi zoezi hilo litakapoanza.