Nyundo za Kisiagi Zinazouzwa Kisumu na Magharibi: Flatibaa, Springi na Zilizojazwa kwa Weldingi

Ukienda kwa mafundi wa jua kali Kisumu, Kakamega au Bungoma kutafuta nyundo za kisiagi, yaani vile vipande vya chuma vinavyozunguka ndani ya mashine na kuponda nafaka, utaonyeshwa aina tatu. Kuna zilizokatwa kwa flatibaa (chuma bapa) ya chuma laini, kuna zilizokatwa kwa springi ya gari, na kuna zile ambazo ncha zake zimejazwa kwa rodi ngumu za weldingi. Tunazipima hapa kwa kazi ya huku kwetu: mahindi yaliyoanikwa chini, muhogo mkavu uliochachushwa ukasagwa pamoja na mtama, na kwa wanaosaga lishe ya mifugo, omena (dagaa).

Hukumu yetu tuitoe mapema. Kwa unga wa kuliwa, nunua springi, ila iwe imetiwa ugumu upya baada ya kukatwa. Flatibaa ni hasara hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Nyundo zilizojazwa ni bora kwa lishe ya mifugo, na zibaki huko huko.

Kinachokula nyundo si hindi. Punje ya nafaka ni laini kuliko chuma chochote utakachouziwa. Kinachokula ni mchanga. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, chembe ya mchanga wa silika hupita 1,000, na chuma laini hukaa kati ya 120 na 180. Sasa fikiria ngoma inayobeba nyundo, yenye upana wa sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika: ncha ya nyundo inapita mita 63 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwa mwendo huo kila chembe ya mchanga inachonga. Mahindi ya kando ya barabara huja nao, muhogo ulioanikwa juu ya mwamba huja nao, na omena iliyokaushwa ufukweni huja nao kupita vyote.

Muhogo una shida yake ya pili. Ukichachushwa huwa na asidi, na unga wake ukibaki umeganda ndani ya mashine usiku kucha wakati wa masika, hunyonya unyevu wa hewa na kukifanya chuma kishike kutu. Asubuhi mchanga wa gunia la kwanza unaikwangua kutu hiyo, chuma kipya kinabaki uchi, na usiku unaofuata kinashika tena. Ndiyo maana kisiagi cha muhogo humaliza nyundo na chekeche mapema kuliko cha mahindi, hata kama magunia ni sawa.

Flatibaa haina mengi. Hukatwa haraka, hutobolewa kwa drili bila taabu, na kona zake huviringika haraka vilevile. Kona ikishaviringika, nyundo haikati tena, inapiga tu. Unga unatoka wa moto, mota inavuta stima zaidi, na mteja analalamika kwamba unga ni mkubwa. Kuitia ugumu haiwezekani, kwa kuwa kaboni iliyomo ni kidogo mno. Ichome, izamishe kwenye oili, itabaki vilevile.

Springi ndiyo inayohitaji macho, kwa sababu hapa jina linauzwa zaidi kuliko chuma. Springi za gari zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65, na zikiwa bado kwenye gari ugumu wake ni 40 hadi 48 kwa kipimo kingine cha ugumu, Rockwell C. Ni chuma kizuri kwa nyundo: kigumu, lakini hakivunjiki ovyo bolti ikiingia na mahindi. Tatizo ni matundu. Springi katika hali yake ni ngumu kwa drili, basi fundi huichoma hadi iwe nyekundu na kuiacha ipoe polepole kwenye majivu ili itobolewe. Hapo ugumu wote umeondoka. Asipoirudisha motoni baada ya kutoboa, umelipia springi ukapewa kitu kinachoisha karibu kama flatibaa.

Ukitaka kujua ulichopewa, fanya majaribio mawili, si moja. La kwanza ni grainda: gusa ukingo wa nyundo na utazame cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache. Springi hutoa cheche zinazopasuka na kuchanua kwa wingi. Hilo linakuambia kuhusu kaboni tu. La pili ni tupa mpya, ile ya kunolea chuma: isugue kwenye kona ya nyundo. Tupa ikiingia na kutoa unga wa chuma bila kusukumwa, nyundo ni laini. Ikiteleza, au ikang'ata kwa shida, ugumu upo. Cheche zinazochanua pamoja na tupa inayoingia kirahisi maana yake ni springi iliyopoozwa na kuachwa hivyo. Irudishe dukani.

Namna ya kuirudishia ugumu si siri, na fundi makini hataona vibaya ukimsimamia. Ncha hupashwa moto mpaka sumaku iache kuishika (hiyo ni kama nyuzi 770 za Selsiasi), kisha moto unaongezwa kidogo kufikia 850 hivi, na nyundo inazamishwa kwenye oili. Isizamishwe kwenye maji, springi hupasuka. Ikishapoa, sehemu moja inang'arishwa kwa msasa na nyundo inapashwa tena taratibu, mpaka pale palipong'arishwa papite rangi ya buluu na kuanza kuwa kijivu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na nyundo iliyorukwa hatua hiyo huvunjika kama kioo. Eneo la tundu lisitiwe ugumu kabisa, maana hapo panahitajika ushupavu, yaani kupigwa bila kuvunjika.

Angalia unene pia. Springi za lori kubwa hufika milimita 10 hadi 12, na kisiagi kilichoundwa kwa nyundo za milimita 6 kikivalishwa hizo, mota inabeba uzito wa bure na unga hautoki laini. Omba springi za pikapu, za milimita 6 hadi 8. Zenye mashimo ya kutu zikatae, na zilizokatwa karibu na tundu la bolti ya katikati zichunguze nyufa: zipake mafuta ya taa, zifute zikauke, kisha zipake vumbi la chaki. Baada ya muda mfupi ufa hujionyesha kama mstari uliolowa.

Nyundo zilizojazwa zina safu ya kabaidi ya kromiamu (muungano mgumu wa kromiamu na kaboni) kwenye ncha, yenye ugumu wa 55 hadi 62 Rockwell C. Kwa omena yenye mchanga hakuna inayoikaribia. Ukanda wa sukari wa Muhoroni, Chemelil na Mumias una mafundi wanaoijua kazi hii vizuri, kwa sababu roli na visu vya kukata miwa hujazwa kwa namna hiyo hiyo. Usishtuke ukiona nyufa ndogo zilizokatiza safu iliyojazwa. Ndivyo rodi hizo zinavyopoa, na hazidhuru mradi zisiingie kwenye chuma cha chini. Kinachodhuru ni safu nyingi. Mbili zinatosha, ya nne itabanduka. Kama mwili wa nyundo ni springi, lazima upashwe nyuzi 250 hadi 300 kabla ya kuchomea na upoe polepole. La sivyo, sehemu iliyo chini ya weldingi hupasuka, na kipande kizima hung'oka kikiwa kwenye mwendo ule wa mita 63 kwa sekunde.

Sababu ya kuzikataa kwa unga wa kuliwa ni vipande vidogo vinavyobanduka. Vumbi la springi hushikwa na sumaku iliyowekwa kwenye mdomo wa mashine. Vipande vya kabaidi ya kromiamu mara nyingi huvutwa na sumaku kwa udhaifu, basi hupita na kuingia kwenye gunia la mteja. Na chuma kinachopotea hakipotei hewani: seti iliyopungua gramu 600 baada ya kusaga tani 30 imetia wastani wa miligramu 20 za chuma katika kila kilo ya unga. Watoto wanakunywa uji huo. Kila kisiagi kiwe na sumaku na isafishwe kila siku, hata kama nyundo ni za aina bora.

Aina yoyote utakayochagua, usifunge seti kabla ya kuipima kwenye mizani ya jikoni. Gramu 10 za ziada kwenye ncha, sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 3,000 huvuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 20, na mvuto huo huzunguka mara 50 kila sekunde. Beringi haiwezi kuvumilia hilo. Pima kila nyundo, andika uzito kwa chaki, kisha zipange ili safu zinazokabiliana zitofautiane kwa gramu zisizozidi 5. Nyundo ikichakaa usibadilishe moja peke yake. Zenye matundu mawili hutumika mara nne kwa kugeuzwa, kona moja baada ya nyingine, na zote zigeuzwe pamoja. Tundu likiwa limetanuka na kuwa na umbo la yai, au pini inayoshikilia nyundo ikiwa na mfereji unaoshika ukucha, vyote viwili vinabadilishwa. Kuweka nyundo mpya kwenye pini iliyolika ni kuharibu nyundo.

Kuhusu chekeche, wa muhogo wanunue cha chuma kisichoshika kutu. Hakitaushinda mchanga, kwa kuwa hakina ugumu wa ziada, lakini hakitaacha kutu usiku. Kupima chekeche cha milimita 1, jaribu kuingiza biti ya drili ya milimita 1.2, ikipita, chekeche kimeisha. Jioni kisugue kwa brashi kavu, kisha kipake mafuta ya kupikia kidogo, kamwe si oili ya injini. Asubuhi pitisha kilo mbili tatu za pumba kavu kabla ya mteja wa kwanza. Pumba hizo zina kutu ya usiku. Usizichanganye na unga wa mtu.