Nani Anabadilisha Fedha Zako Njiani? Mwongozo wa Kulipa Ankara ya Sarafu Isiyo Maarufu

Mwezi Machi 2024 nilitakiwa kulipa ankara ya forinti 3,480,000 za Hungaria, bei ya vipuri vya mashine ya kufungashia. Nilikwenda kwenye benki ambayo nimekuwa mteja wake kwa miaka mingi. Karani akaisoma ankara, akanitajia kiwango cha siku, nami nikatia sahihi fomu. Siku nne baadaye muuzaji aliniandikia kwa adabu zote kwamba kilichomfikia ni forinti 3,391,000, na kwamba vipuri vitakaa ghalani kwake mpaka apate zile 89,000 zilizosalia. Kuzituma hizo 89,000 nilitozwa ada ileile niliyotozwa kutuma mamilioni.

Nilidai nakala ya ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo, ule ulioitwa MT103 wakati huo, na katika sehemu ya 32A nikakuta maandishi haya: 240312USD9590,00. Tarehe, sarafu na kiasi vimebanana bila nafasi, na sarafu yenyewe si HUF, yaani forinti, ni USD. Karani alikuwa amezipigia hesabu forinti zangu kwa dola, akatuma dola, na benki ya muuzaji, ilipoona kwamba akaunti inayopokea ni ya forinti, ikazibadilisha kwa kiwango chake yenyewe cha kununulia dola, ambacho mimi sikuonyeshwa wala sikuulizwa. Kisheria sikuwa na la kusema, kwa sababu kwenye fomu, penye sarafu ya malipo, paliandikwa USD, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia kasi, usalama wala uzuri wa programu ya simu, maana hayo kila mwenye huduma atakueleza kabla hujamuuliza. Ninapima jambo moja tu: fedha zinabadilishwa na nani, wapi, na je, kiwango nakiona kabla hazijaondoka mikononi mwangu?

Swali hili halina uzito sana kwa anayelipa dola au yuro, lakini kwa anayelipa forinti, lari ya Georgia au dinari ya Tunisia ndilo lenye hasara yote. Takwimu za mwaka 2022 za BIS, benki inayohudumia benki kuu za nchi mbalimbali, zilionyesha kwamba dola ya Marekani huwa upande mmoja katika asilimia 88 ya biashara ya fedha za kigeni duniani. Maana yake ni kwamba sarafu ndogo mbili hukutana kwa nadra bila dola kusimama katikati: fedha zako zinauzwa kupata dola, kisha dola zinauzwa kupata forinti, na kila hatua ina mtu anayechukua chake kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Hatua ya kwanza unaiona, kwa kuwa inafanyika mbele yako. Ya pili ikifanyika kwenye benki wakala, yaani benki ya katikati inayopitisha fedha kwa niaba ya benki yako, au kwenye benki ya mpokeaji, huioni, na hakuna wa kumlalamikia.

Watu wengi hudhani wamejikinga kwa kuchagua OUR, yaani mtumaji kubeba gharama zote, badala ya SHA, ambapo gharama hugawanywa, au BEN, ambapo mpokeaji ndiye anayebeba. Mimi pia nilichagua OUR. Chaguo hilo linahusu ada za kutuma, halihusu kiwango cha kubadilishia. Hata ufuatiliaji wa SWIFT gpi, ulioanza mwaka 2017 na ambao ni msaada mkubwa fedha zinapopotelea njiani, hauwezi kukurudishia kilichokwisha kuliwa katika kiwango.

Kati ya njia za kulipa, nafasi ya kwanza naipa Wise, huduma ya kutuma fedha kwa mtandao, na nakiri wazi kwamba nina upendeleo. Huduma hii, iliyojulikana kama TransferWise hadi mwaka 2021, inatumia kiwango cha kati cha soko, yaani kilicho katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na kuiweka ada yake kando, ikionekana kama ada. Muhimu zaidi, unaandika kiasi kinachotakiwa kufika, si kiasi kinachoondoka: niliandika forinti 3,480,000 nikaambiwa papo hapo nitakatwa kiasi gani. Kwa sarafu nyingi inazozihudumia, malipo hutoka kwenye akaunti iliyoko katika nchi ya mpokeaji kwa mfumo wa malipo wa ndani, hivyo hakuna benki ya katikati yenye nafasi ya kubadilisha kitu. Ina kasoro zake. Haifikii sarafu zote, kwa baadhi ya sarafu ina masharti kuhusu kulipa kampuni, na haikuuzii mkataba wa kufunga leo kiwango cha malipo ya miezi sita ijayo. Kabla ya kumwahidi muuzaji lolote, fungua ukurasa wa sarafu husika usome masharti yake mpaka mwisho.

Mkataba huo wa kufunga kiwango ndio unaowaweka madalali wa fedha za kigeni katika nafasi ya pili. Hapa wako akina OFX, Corpay na Convera, ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa tawi la biashara la Western Union. Kama unaagiza mzigo leo na utalipa ukifika, dalali anakuondolea hofu ya sarafu kupanda katikati. Lakini faida yake imo ndani ya kiwango, naye hatakutajia asipoulizwa. Mpigie simu huku kiwango cha kati kikiwa mbele yako, umwulize tofauti kwa asilimia, kisha nyamaza umwache ajibu. Nimeona bei ikishuka ndani ya simu hiyohiyo, jambo ambalo badala ya kunifurahisha liliniudhi, maana ilimaanisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya mtu asiyeuliza. Jingine: sarafu kama won ya Korea au dola ya Taiwan aghalabu huuzwa kwa mikataba ambayo mwishoni hulipwa tofauti tu, kwa dola, bila won yenyewe kukabidhiwa. Mkataba wa namna hiyo unakukinga dhidi ya bei kupanda, ila ankara bado itakuwa inasubiri kulipwa.

Benki yako ni ya tatu, na ni kwa masharti. Usiishie dirishani, omba kuzungumza na dawati la fedha za kigeni, uulize kama benki ina akaunti ya sarafu hiyo kwa benki wakala, na uandike kwa barua pepe kwamba ujumbe wa malipo uwe na herufi za sarafu ya ankara. Wakisema sarafu hiyo hawana, jibu hilo ni la kweli na lina faida kwako. Mimi laiti ningeambiwa hivyo, badala ya kutabasamiwa.

Wanaotangaza kutuma fedha "bila ada", pamoja na kulipa ankara kubwa kwa kadi, siwapi nafasi yoyote. Gharama imehamishiwa kwenye kiwango, basi.

Wauzaji nao wana lawama zao. Wengine huandika bei kwa sarafu yao, kisha chini, kwa herufi ndogo, wanakubali pia dola kwa kiwango walichojitungia. Wengine hawaeleweki katika tarakimu: won na peso ya Chile hazina desimali, ilhali dinari ya Tunisia na ya Kuwait zina tatu, kwa hiyo 1.250 inaweza kuwa dinari moja na robo au elfu moja mia mbili na hamsini, kutegemea aliyeandika. Siku hizi naomba ankara mbili kabla ya kukubali oda, moja kwa sarafu ya muuzaji na nyingine kwa dola, zote za tarehe moja na kiasi kikiwa kimeandikwa kwa maneno, kisha nagawanya moja kwa nyingine nipate kiwango anachotumia muuzaji. Muuzaji wa vipuri alizituma bila kuuliza sababu. Wawili wengine walinijibu kwamba hawana utaratibu huo, na oda zao sikuziendeleza.