Nimelipia Green Day nzima, nikauziwa vipande

Nilikuwa nimeamua niifute hii programu ya muziki kimyakimya, nihamie kwingine, yaishe. Jana usiku usingizi umekataa kwa hasira. Basi acha niseme.

Nailipia kila mwezi kwa pesa za simu, kifurushi cha "bila matangazo". Juzijuzi natoka kazini, foleni ya Ubungo haisogei, nikajisemea leo nasikiliza American Idiot, albamu ya bendi ya Marekani Green Day, mwanzo mpaka mwisho. Sina albamu ya pop panki, ule muziki wa magitaa ya kasi na viitikio vya kuimbika, ninayoipenda kuliko hiyo. Ikafika "Holiday". Anayeijua anajua pale mwishoni: wimbo hauishi. Mlio wa gitaa unabaki hewani, unaanza kutetemeka, na mtetemo huohuo ndio unaokuingiza "Boulevard of Broken Dreams". Majina mawili, lakini ni pumzi moja.

Ndipo ikakata. Kimya, sekunde mbili hivi, halafu jibaba likanipigia kelele masikioni kuhusu mkopo wa haraka. Lilipomaliza ikaletwa bendi nyingine kabisa, eti kwa kuwa napenda Green Day. Nilivua visikilizio nikavishika mkononi mpaka nashuka kituoni.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote. Jibu: "Dada, nyimbo zote zipo. Mmoja ukiisha bonyeza mwingine." Nikaeleza upya, taratibu, kwamba hizi nyimbo zimeungwa makusudi. Wakajibu hivi, nanukuu maana meseji bado ninayo: "Kwani ukisubiri sekunde mbili unapungukiwa nini?"

Napungukiwa nini! Mwaka 2003 hawa jamaa watatu walikuwa wanakaribia kumaliza albamu nyingine kabisa, Cigarettes and Valentines. Kanda zikaibwa studio. Prodyuza wao, Rob Cavallo, akawauliza kama kweli ile iliyopotea ndiyo ilikuwa kazi yao bora. Wakajitazama, wakaona hapana, wakaacha kuirudia na kuanza upya studio kule Oakland, California, kazi iliyokuja kuwa American Idiot. Siku moja Mike Dirnt, mpiga besi, akabaki peke yake studio, akatunga kipande cha sekunde 30. Billie Joe Armstrong, mwimbaji, akakisikia akataka kutunga chake cha kuunganisha hapo, na Tré Cool, mpiga ngoma, naye chake. Wakawa wanapokezana hivyo, kipande juu ya kipande, mpaka ukatokea "Homecoming", wimbo wa dakika tisa na ushei wenye sehemu tano. "Jesus of Suburbia" nao ni dakika tisa, sehemu tano. Albamu hii ilipatikana kwa kuunga! Utamu wake umekaa kwenye maungio, na hawa wanaokula hela yangu wanakata hapohapo kwenye ungio, halafu wananiuliza napungukiwa nini.

Na walikuwa na hali gani wakati huo? Albamu yao Warning ya mwaka 2000 haikuuza kama zilizotangulia. Mwaka 2002 walizunguka Marekani na bendi ya Blink-182, wakawa wanatangulia jukwaani kuwafungulia wadogo zao. Wengi walishawahesabu wamekwisha. Kisha Septemba 2004, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, ikatoka hii American Idiot na kuingia namba moja kwenye Billboard, chati ya mauzo ya albamu Marekani. Hata albamu yao Dookie ya 1994, pamoja na mamilioni yote iliyouza, haikuwahi kukaa pale juu. Ikachukua Grammy ya albamu bora ya rock, na mwaka 2010 ikafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, kama mchezo wa kuigiza. Wapo waliosema wamejiuza, wimbo uleule walioimbiwa tangu ukumbi wa panki wa 924 Gilman Street kule Berkeley ulipowafungia mlango kwa kusaini na kampuni kubwa. Mimi nasema waliwaonea. Mtu aliyejiuza hatungi wimbo wa dakika tisa.

Nyota moja, basi.

Ila nitende haki. Sauti ni safi, bando hailiwi sana, na mama anasikilizia taarab zake humohumo bila shida yoyote. Kwa anayependa wimbo mmojammoja inatosha. Niseme nyota mbili. Tatu, pengine, kama wangenijibu kistaarabu.

Tena kuna jambo ambalo nimekuwa nikilisema miaka mingi, kwamba nusu ya pili ya albamu inalegea. "Extraordinary Girl" nilikuwa naurusha kila mara. Jumapili nilikwenda kwa kaka. Ana CD yake ya zamani, jalada lile jeusi lenye mkono umeshika guruneti la umbo la moyo, jekundu, linavuja. Kasha limevunjika bawaba, amelifunga kwa mpira wa noti. Akaifuta CD kwa ncha ya shati, akaitia kwenye deki, tukakaa sakafuni kama zamani.

"Extraordinary Girl" ukaja, nikataka kuinuka nikachote maji. Kaka akasema, "Kaa." Nikakaa. Wimbo ukaisha, na papo hapo, kabla hujavuta pumzi, ikaingia ile sauti ya mwanamke, mwimbaji wa panki Kathleen Hanna, peke yake, kama mtoto anayemzomea mwenzake uani, ndiyo "Letterbomb" inaanza. Mwili ulinisisimka. Kwenye simu sauti hiyo huwa inanifikia baada ya kimya, imepoa, haina wa kumzomea. Kumbe nilikuwa nautukana wimbo mzima kwa kosa la programu! Yote niliyowahi kusema kuhusu nusu ya pili nayafuta.

Ulipofika ule wa Septemba, "Wake Me Up When September Ends", ambao Billie Joe alimtungia baba yake aliyefariki Septemba 1982, yeye akiwa na miaka 10 tu, kaka alikuwa na simu inaita mkononi. Hakuipokea. Tulisubiri mpaka ukaisha, na "Homecoming" ikaingia bila mtu kuturukia na mikopo.

Kwa hiyo zile nyota za kuongeza nimezirudisha. Ni moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawajaweka sehemu ya kutoa sifuri. Jana nimejaribu tena kwa mara ya mwisho, palepale kwenye "Holiday", na jibaba la mkopo likatokea tena. Nimesitisha malipo.

Kaka amenipa CD, nami sina pa kuichezea, kompyuta yangu haina hata tundu la diski. Mwenye kujua duka Kariakoo linalouza deki nzima, isiyorukaruka, aniandikie bei hapo chini.