Nadharia ya urubani: kabla ya kulipa, uliza mwalimu ataondoka lini

Malalamiko ninayopokea kuhusu shule za urubani yanafanana mno. Mzazi wa Kisumu au Kakamega amechukua mkopo wa sacco, kijana amepanda basi la usiku hadi Nairobi na kupanga chumba South C ili awe karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, masomo yameanza vizuri. Kisha mwalimu wa urambazaji, yaani somo la kuitafuta njia angani, anaitwa na shirika la ndege, na Jumatatu hayupo. Anayeletwa badala yake anasoma slaidi za mwenzake kwa sauti. Mama mmoja wa Mamboleo aliniambia mwanawe amefundishwa somo hilo na watu watatu, na kila mmoja alianza upya na latitudo na longitudo.

Kwa hiyo usitarajie hapa habari za viyoyozi, sare, wala picha za ndege zilizobandikwa mapokezi. Hata asilimia ya waliofaulu sitaitaja. Sijawahi kuona shule iliyobandika asilimia mbaya ukutani. Mimi natazama jambo moja: nani atakuwa mbele ya darasa masomo yakifika mwezi wa nne.

Walimu hawaondoki kwa ukorofi. Kijana aliyemaliza leseni ya urubani wa biashara akiwa na saa 200 hivi za kuruka hapati kazi upesi, hivyo anafundisha huku simu ikiwa mezani. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inadai saa 1,500 za kuruka na umri usiopungua miaka 21. Darasa la nadharia halimwongezei hata dakika moja katika daftari lake la saa. Ukiwa wewe, simu ikilia ungebaki?

Somo la sheria za anga linavumilia mabadiliko, maana mengi ni ya kukariri. Yanayoumia ni urambazaji, hali ya hewa, na lile somo la uwezo wa ndege kupaa na kutua. Mwalimu aliyetulia ataanzia hapa kwetu. Atasema uwanja wa Eldoret uko karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba katika anga sanifu, yaani hali ya hewa ya kipimo ambayo marubani hulinganishia, joto la kimo hicho ni kama nyuzi 1. Siku ya nyuzi 24, hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu futi 9,700, kwa hiyo inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae na injini inatoa nguvu pungufu. Atauliza pia kwa nini radi za Ziwa Victoria hupenda kujikusanya ziwani usiku na alfajiri, halafu mchana zikahamia nchi kavu, na atasubiri darasa lifikirie upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa. Mwalimu wa kupita atatoa fomula, afunge kompyuta. Ukienda kuitembelea shule, omba kukaa darasani saa moja, na umuulize swali la Eldoret. Utamjua.

Sasa tuzipange shule zenyewe. Ila kwanza amua leseni ni ya nchi gani, kwa sababu nadharia haibebeki kirahisi kutoka mamlaka moja hadi nyingine. Anayetaka kurusha ndege za Kenya atafuata mitihani ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ulaya ina karatasi 13, kila moja kwa alama 75 kwa mia, zote ndani ya miezi 18. Ukianguka mara nne katika karatasi moja, unarudia zote. Uingereza ilijitenga na mfumo huo baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, kwa hiyo tangu 2021 hizo ni leseni mbili tofauti, na muuzaji asikwambie ni kitu kimoja.

Nafasi ya kwanza naipa Bristol Groundschool ya Uingereza, kwa yule anayelenga leseni ya Uingereza au Ulaya. Naipendelea, na sifichi wala sijalipwa. Kazi yake ni nadharia. Si shule inayotumia darasa kuvutia watu waje kununua saa za ndege, kwa hiyo anayefundisha pale amechagua kufundisha. Unaweza kusoma ukiwa Milimani, Kisumu, umeme ukiwepo. Lakini sikiliza hili, maana mawakala hulipita haraka: kozi ya nadharia ya ATPL kwa mtindo wa Ulaya ni saa 650, na ukisoma kwa masafa, angalau sehemu moja ya kumi lazima iwe ya darasani. Hizo ni kama saa 65. Uliza kwa maandishi zinafanyika wapi, kwa video au ana kwa ana, kisha jumlisha viza, tiketi na malazi kabla hujasema ni rahisi.

Nafasi ya pili, ambayo kwa wasomaji wangu wengi ndiyo itakayowafaa, ni shule ya Nairobi yenye idhini ya KCAA ambapo masomo mazito yanashikwa na kepteni mstaafu. Nina sababu ya kumtaka mzee. Kanuni za kimataifa haziruhusu rubani aliyetimiza miaka 65 kurusha abiria kibiashara katika safari za kimataifa, kwa hiyo hakuna shirika kubwa litakalomnyakua katikati ya muhula. Omba orodha ya walimu kwa majina na masomo yao. Omba namba za wanafunzi wawili waliomaliza karibuni, uwapigie mwenyewe, na usiwaulize kama shule ni nzuri. Waulize kama aliyeanza nao urambazaji ndiye aliyemaliza nao. Halafu lipa kwa somo. Shule inayokataa malipo ya somo kwa somo na kutaka yote siku ya kwanza inajua kitu usichokijua.

Afrika Kusini naiweka ya tatu. Ina walimu wazuri, ila mitihani ni ya mamlaka yao na kwa ratiba yao, hivyo inamfaa anayekwenda kurukia huko.

Kuhusu njia za bei ya chini, yaani PDF za kwenye WhatsApp na benki ya maswali peke yake, sina mengi. Benki ya maswali ni nzuri wiki za mwisho. Na kwa leseni ya Ulaya, bila shule iliyoidhinishwa kukupendekeza hukai mtihani hata ukiyajua maswali yote.

Ninalo dukuduku moja la bei. Niliuliza ada shule moja ya Nairobi kwa niaba ya mtoto wa dada yangu, nikaletewa karatasi yenye dola tupu. Ndege na vipuri vinatoka nje, hapo sina ubishi. Lakini nadharia? Mwalimu analipwa shilingi, chumba kinapangishwa kwa shilingi, kalamu ya ubao inanunuliwa kwa shilingi. Nilipouliza, karani alicheka na kuniambia, "Mama, urubani ni wa dola." Basi wewe ukifika hapo, mwambie akuandikie ada ya nadharia kwa shilingi, ibaki hiyohiyo hadi somo la mwisho, na apige muhuri. Akigoma, lipia somo moja tu, na liwe urambazaji.