Vijana wa Kenta waliotuhamisha Ligula kwenda Mikindani: kazi nzuri, ila friji simamia mwenyewe

Wastaafu wenzangu wameniuliza mpaka nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwahiyo naandika mara moja yaishe. Wale vijana wenye Kenta, lile lori dogo, wanaokaa jirani na soko kuu hapa Mtwara mjini, waliotuhamisha mimi na mzee wangu, ni wazuri, tena kwa umri wetu huu na viuno hivi ambavyo kusi ikianza kuvuma tu vinauma, nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki wameipoteza kwenye friji, ntaeleza.

Kwanza bei, manake najua ndo mnayoitaka. Walianzia laki na ishirini, tukavutana tukafika elfu themanini, kutoka Ligula mpaka Mikindani ambako ni kilomita kumi na ushee tu. Wengine mtasema nimepigwa. Mimi sioni hivyo kwa sababu themanini hiyo ilikuwa na gari, mafuta, dereva, utingo na vijana wa kubeba, na hapo kwenye vijana wa kubeba ndo pa kuwa macho jamani. Ukiwauliza bei wanakutajia ya gari na kupakia, ukiuliza kushusha wanakwambia "hayo mama mtaelewana hukohuko". Hukohuko ni wapi, kitanda kiko juu ya gari, jua limewaka, wewe umechoka, utaelewana nini hapo si utatoa tu? Mzee wangu alifanya kazi bandarini miaka mingi, maneno ya kupakia na kushusha anayajua vizuri, akamwambia dereva atume voisi WhatsApp aseme kwa mdomo wake kwamba elfu themanini ni kupakia, kusafirisha, kushusha na kuingiza ndani. Kijana akacheka ila akatuma. Na kweli tulipofika Mikindani mmoja wao akaanza "mama na ile ya kushusha je", mzee hakujibu kitu, akabonyeza voisi, dereva mwenyewe akaangua kicheko, mambo yakaisha.

Jingine ni msimu. Tulisubiri mvua zikatike, manake godoro likilowa hakuna wa kukulipa, na tukawahi kabla ya korosho. Dereva alituambia wazi kwamba ikifika Oktoba magari yote yanakimbilia vijijini kusomba magunia kwenda maghalani, hapo ukitaka Kenta ya kuhamia utatajiwa bei kama unahama nchi. Kwahiyo mnaopanga kuhama mwishoni mwa mwaka mjipange.

Siku yenyewe walisema saa moja asubuhi na saa moja asubuhi walikuwa mlangoni, shikamoo mama, shikamoo baba, viatu wakavua nje. Mimi nimekuwa nesi, naangalia mtu anavyoshika kitu, na hawa wanashika vizuri. Kitanda chetu cha mninga ni kizito balaa, walikifungua wakatia skrubu zote kwenye kopo tupu la maziwa, kopo wakalifunga kwa kamba kwenye ubao wa kichwani lisije likapotea. Hiyo nimeipenda sana, manake mara ya mwisho tulipohamishwa na watu wengine skrubu zilipotea tukalalia godoro chini wiki nzima tukimtafuta fundi. Kioo cha meza yangu ya vipodozi wakakisimamisha katikati ya magodoro mawili, kikafika hata mkwaruzo hakina. Halafu kuna kinyago cha mpingo tulichopewa siku mzee anaagwa kazini, nilikuwa nimekiviringisha blanketi nikitafuta pa kukiweka, yule kijana mdogo kuliko wote akasema "hiki mama nakipakata mwenyewe", akakaa nacho mbele kwa dereva njia nzima. Nikamuuliza kwenu wapi, akasema Newala, nikamwambia basi ndo maana, kwa Wamakonde wenye vinyago vyao.

Sasa friji. Nilisema tangu mwanzo, friji lisilazwe. Nikasema tena wakati wanalitoa jikoni. Nikaingia ndani kuhesabu masufuria, mbuzi ya nazi, kinu na mchi, kutoka nje nakuta friji limelala juu ya magodoro limefungwa kamba vizuri kabisa, na wamelifurahia. "Mama haina shida, hapo karibu tu." Haina shida kwako wewe, friji si lako! Likilala, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye vibomba ambako hayatakiwi, ukiliwasha hapohapo unaweza kuliua. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba tulipofika walitaka kulichomeka palepale ili wanionyeshe halijaharibika! Mzee akaushika waya akakataa katakata. Likasimama mpaka kesho yake ndo tukaliwasha, linafanya kazi, namshukuru Mungu, lakini hapo nyota yangu sirudishi.

Mikindani nako. Nyumba yetu ni ya familia ya mzee, ipo kule ndani kwenye mitaa ya zamani, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vya kupishana watu wawili kwa kubanana. Kenta haikuingia, ikabaki huku barabarani ghuba inapoonekana. Hapa nawalaumu kidogo manake walitakiwa waje kupaona kabla, ni mwendo wa bodaboda tu. Ikabidi liitwe guta, lile la matairi matatu, la kusogeza vitu, elfu kumi nyingine, tukagawana nusu kwa nusu baada ya maneno mengi na voisi kuchezwa tena. Kabati la milango mitatu likagoma kupita mlango wa mbele. Milango ya kule mnaijua, mizito, ya kuchongwa, huwezi kung'oa bawaba hovyo. Wakalizungusha nyuma, jirani akaanua nguo zake akatupa njia kwenye uwanja wake, kabati likapita kwake likaingia kwa mlango wa jikoni. Huyo mama hata jina langu alikuwa hajalijua, na vijana walipomaliza akawaletea sinia la muhogo wa nazi wakala pale barazani. Mjini Ligula tumekaa miaka mingi sijawahi kuona hiyo.

Na kitanda wakakifunga tena wenyewe bila kuambiwa, wakakitikisa, wakaniambia kaa mama ujaribu. Hii kwa wazee ni kubwa kuliko bei, manake wengi wanakushushia vitu sebuleni wanaondoka, mnabaki wawili wewe na mzee mwenzio mnatazamana na mbao.

Jioni barazani wenzetu walipokuja kutuona kila mtu akatoa ya kwake kuhusu kuhama. Kuna mzee mwenzetu alihamisha vitu kutoka Dar Mei 2024, barabara ikakatika kule Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya, lori na makochi yake vikalala njiani yeye keshafika. Mwingine akasema yeye alipata lori lililopeleka saruji Dar likawa linarudi tupu, akalipa kiduchu sana, ila vitu vyote vilifika na vumbi la saruji mpaka ndani ya mito. Shoga yangu mmoja, yeye mambo yote kwake ni kikokotoo, ile hesabu ya mafao yetu wastaafu, ukimwambia habari ya Kenta atakwambia kikokotoo, tulicheka sana.

Lililonisaidia mimi pale ni la Luku, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ilikaa tupu muda mrefu, nikanunua umeme wa elfu kumi, uniti zikaja chache mno, nikajua nimeibiwa. Kumbe kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye Luku, elfu moja mia tano kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na msiponunua umeme haifutiki, inajikusanya inawasubiri. Kwahiyo mnaorudi kwenye nyumba za urithi, siku ya kwanza nunueni umeme wa kutosha, msije mkakaa gizani na friji lenu limesimama linasubiri kuwashwa.

Vijana wenyewe kama mnawataka, nendeni asubuhi pale jirani na soko kabla hawajapata kazi ya sokoni, muulizeni yule dereva mwembamba anayecheka cheka. Wengine pale wana Kirikuu, kale kapikapu kadogo, ni nafuu zaidi, inafaa kama una chumba na sebule, na kwa vichochoro vya Mikindani ingeingia mbali kuliko Kenta, ila kabati la milango mitatu msahau. Shoga yangu wa kikokotoo anahamia Lindi kwa mwanawe na ameshawapigia, kilomita zaidi ya mia hizo si za mchezo. Voisi ya bei keshaipata. Kuhusu friji kasema yeye atakaa nyuma nalo kwenye gari ameshika mlango, na ukimjua utaamini.