Kipimapembe kipi ununue: kuanzia cha mkebe wa hisabati hadi cha betri

Duara zima lina digrii 360. Kwenye kipimapembe chenye nusu kipenyo cha sentimita 5, digrii moja ukingoni haifiki hata milimita 0.9, kwenye cha sentimita 7.5 inafika 1.3. Kwa hiyo tazama ukubwa kwanza, chapa baadaye.

1. Nusu duara cha plastiki angavu, kikubwa. Mwanafunzi hahitaji zaidi ya hiki. Namba ziwe zimechapwa upande unaogusa karatasi, la sivyo ukiinamisha kichwa kidogo tu usomaji unahama. Zikwaruze kwa ukucha. Zikibanduka dukani, hazitamaliza muhula. Angalia pia mstari wa sifuri: mara nyingi uko milimita kadhaa juu ya ukingo wa chini, na anayelaza ukingo kwenye mstari wa pembe hukosea kila mara. Safu mbili za namba ndizo zinazomfanya mtoto asome 130 mahali pa 50. Aanzie kwenye sifuri iliyolalia mkono wa pembe, afuate safu hiyo hiyo.

Jaribio la dukani: chora mstari, weka alama ya 90, kigeuze chali juu ya kitovu kile kile, weka alama tena. Alama zikiachana, kirudishe.

2. Duara zima. Kwa ramani, dira na pembe zinazozidi 180. Bila hiki utapima 130 kisha utoe kwenye 360 ili kupata 230. Inawezekana, ila inachosha.

3. Cha chuma chenye mkono. Ni cha seremala na mchomeleaji. Kosa la digrii moja kwenye ubao wa mita 2 ni milimita 35 mwishoni, paa zima linaonyesha. Kaza skrubu, sukuma mkono kwa kidole, ukicheza, usinunue.

4. Cha betri. Kinaonyesha sehemu ya kumi ya digrii, jambo ambalo si sawa na kuwa sahihi kiasi hicho. Fundi wa fremu atakifurahia, mradi akirudishe sifuri kila anapoanza.

5. Kilichomo ndani ya mkebe. Kidogo, chembamba, kikiachwa juani kinapinda. Kama unacho tayari, kijaribu kwa bikari: chora mstari, chora tao kutoka ncha yake, kisha kata tao hilo kwa upana ule ule kutoka pale lilipokutana na mstari. Unganisha ncha ile na pale tao lilipokatwa. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ni 60 kamili. Kikisoma 58, bakiza bikari.